Simba Asiye Mlinzi: Kisa cha Seta wa Gordon katika Ukanda wa Chai wa Mufindi

Mbwa ninayemweleza hapa ni dume wa miaka miwili na miezi minne, ambaye siku nilipompima kwa mara ya kwanza alikuwa na uzito wa kilo 27. Ni mweusi tii, mwenye mabaka ya hudhurungi juu ya macho, pembeni mwa pua, kifuani na miguuni, na manyoya marefu yanayoning'inia masikioni, tumboni, nyuma ya miguu na mkiani. Anaitwa Simba, ni seta wa Gordon, yaani mbwa wa kuwindia ndege, na anaishi nyumbani kwa mwalimu mstaafu katika ukanda wa chai wa Mufindi, kusini-mashariki mwa mji wa Mafinga, mahali ambapo ukungu wa Juni hutanda juu ya mashamba hata jua likiwa limeshapanda. Mara ya kwanza niliitwa kumtibu masikio. Mara ya pili, miezi miwili baadaye, niliitwa usiku, nikamkuta yu karibu kufa. Katikati ya ziara hizo mbili limo kosa la familia na limo kosa langu mimi daktari, na yote mawili yalizaliwa na jambo moja: hakuna aliyejiuliza huyu ni mbwa wa namna gani na aliumbiwa kazi gani.

Simba alifika katika nyumba hiyo akiwa na miezi mitano, baada ya mgeni aliyekuwa akifanya kazi katika eneo hilo kumaliza mkataba na kurudi kwao. Mwalimu alimpokea kwa furaha kwa sababu ya rangi yake. Kwetu, mbwa mkubwa mweusi mwenye mabaka ya kahawia ni Rottweiler au Doberman, nao hao wanajulikana kwa kazi moja tu, yaani ulinzi. Basi akapewa jina la kuogofya, akajengewa banda la mbao na bati nyuma ya nyumba, akawa anafungiwa humo mchana kutwa ili "awe mkali", na kufunguliwa usiku azunguke ua. Hivyo ndivyo mbwa wengi wa ulinzi wanavyofugwa kuanzia Iringa hadi Mbeya. Siwezi kumlaumu mwalimu kwa kufuata desturi aliyoikuta, lakini desturi hiyo haikuwahi kuwa na mbwa wa aina hii mbele yake.

Seta wa Gordon ni mbwa wa Uskoti. Jina lake linatokana na Alexander, Duke (cheo cha juu cha ukabaila) wa nne wa Gordon, aliyefariki mwaka 1827 na ambaye alikuwa akifuga na kuwaendeleza mbwa hao katika makazi yake; Uingereza ilianza kuwaita rasmi kwa jina hilo mwaka 1924, na kabla ya hapo walijulikana kama seta weusi na hudhurungi. Ndiye mzito kuliko seta wote: dume huweza kufikia kilo 36 na kimo cha sentimita 69 begani. Kazi yake ni kuwatafuta ndege wa porini kwa harufu inayobebwa na upepo, akikimbia huku na huko mbele ya mwindaji kwa saa nyingi katika nyasi na vichaka vya baridi, na akiwapata haruhusiwi kuwarukia. Huinama au husimama akaganda kama aliyegandishwa, pua ikiwaelekea ndege, hadi mtu wake afike. Zamani, kabla bunduki hazijaenea, mwindaji alimfuata mbwa aliyelala chini na kutupa wavu juu yake, ukawafunika ndege waliokuwa mbele. Mnyama aliyezalishwa vizazi kwa vizazi ili ashirikiane na mtu bega kwa bega, kisha atulie mbele ya kitu anachokitamani, hawezi kuwa mkali kwa kufungiwa katika banda la bati. Huharibika tu.

Na Simba alikuwa ameanza kuharibika. Nilipofika mara ya kwanza, mwalimu, baada ya kupokea shikamoo yangu, alianza na lawama kabla hajaniambia lolote kuhusu masikio. "Daktari, huyu amekuwa mzigo. Mgeni akija anamkimbilia amlambe mikono. Mchana analia bandani mpaka majirani wanalalamika, usiku anaruka uzio, asubuhi tunaletewa kesi za kuku." Nikamwuliza ni kuku wangapi aliokwisha kuwaua. Akafikiri, akamtazama mjukuu wake, kijana wa miaka kumi na minne ambaye ndiye aliyekuwa akimhudumia mbwa. Kijana akajibu kwa sauti ya chini kwamba Simba hajawahi kuua kuku hata mmoja. "Anawasimamia tu, babu. Ananyanyua mguu mmoja, anakaa vile vile, mpaka mwenye kuku anakuja na fimbo." Mbwa alikuwa akichapwa kwa kuifanya kikamilifu kazi aliyozaliwa nayo.

Ilinipasa kusimama hapo na kuuliza zaidi. Sikufanya hivyo. Nilitazama masikio, nikakuta uwekundu, nta nyeusi na harufu nzito ya uambukizi wa kuvu, jambo la kawaida kwa mbwa mwenye masikio mazito yanayolala katika nchi yenye unyevu kama Mufindi, hasa baada ya masika. Nikayasafisha, nikapunguza manyoya yaliyoziba mlango wa sikio, nikampa dawa ya matone, nikaonyesha namna ya kuitumia. Niliona pia kwamba manyoya ya tumbo na miguu yalikuwa yamefungamana kama mkeka, yamejaa vishona nguo na kupe, nikashauri achanwe. Sikuuliza anakula nini, saa ngapi, mara ngapi. Kwa mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu na chembamba, swali hilo lilipaswa kutangulia lile la masikio.

Simu ya pili ilikuja mwezi Juni, saa nne na nusu usiku. Kijana ndiye aliyepiga. Alisema Simba anahangaika, analala na kuinuka, anajaribu kutapika lakini hakuna kinachotoka isipokuwa mate mazito, na tumbo "limekuwa gumu kama ngoma". Maelezo hayo yalinitosha. Mbwa mkubwa anayejitahidi kutapika bila kutoa kitu huku tumbo likivimba ni mgonjwa wa dakika, wala si wa kusubiri asubuhi. Nilimwambia asimpe maji, asimpe mafuta ya kula wala magadi kama wanavyofanyiwa ng'ombe waliofura, asimkande tumbo, amweke tu mahali pa joto na ajiandae kunishikia taa.

Nilimkuta amelala ubavu ndani ya jiko la nje. Ufizi ulikuwa umepauka, mapigo ya moyo yalikuwa ya haraka na mapigo ya mshipa wa paja yalikuwa dhaifu, na nilipogonga ubavu kwa kidole ilisikika sauti ya kitu kilichojaa hewa. Hiki ndicho kinachotokea: tumbo la chakula hujaa gesi na kutanuka, na mara nyingi hujipinda kwenye mhimili wake, hivyo njia ya kuingilia na ya kutokea zote mbili hufungwa. Tumbo lililotanuka huikandamiza mishipa mikubwa inayorudisha damu kutoka sehemu ya nyuma ya mwili, moyo hukosa damu ya kusukuma, mbwa huingia katika mshtuko, na ukuta wa tumbo lenyewe, pamoja na bandama inayovutwa nalo, huanza kufa kwa kukosa damu. Asipotibiwa, mbwa hufa ndani ya saa chache.

Niliweka katheta mbili nene, yaani mirija ya kuingiza maji kwenye mishipa ya damu, katika miguu ya mbele, kwa kuwa damu ya miguu ya nyuma haikuwa na njia nzuri ya kufika moyoni, nikaanza kumwagia dripu kwa kasi. Kisha nikanyoa sehemu ndogo ya ubavu, nikaisafisha, nikachoma sindano nene pale palipokuwa na mlio mkubwa wa hewa. Gesi ilitoka kwa mvumo, na kijana aliyekuwa ameshika taa alirudi nyuma hatua moja, kisha akasogea tena. Baada ya tumbo kulegea kiasi, niliupima mpira wa kupitisha kinywani hadi tumboni, kutoka puani hadi ubavu wa mwisho, nikautia alama, nikamtia mbwa mzingo wa bandeji katikati ya meno ili aache kinywa wazi, nikaupitisha mpira katikati ya mzingo huo taratibu. Uliingia. Ikatoka gesi zaidi, na baada yake ugali: ugali wa dona usiotafunwa, mabonge kwa mabonge, pamoja na maji mengi.

Mpira kupita si ushahidi kwamba tumbo halikujipinda, na ninalisisitiza hili kwa wenzangu wa vijijini kwa sababu faraja ya dakika ile inaweza kumpoteza mgonjwa. Kinachothibitisha ni picha ya eksirei, na kinachotibu tumbo lililojipinda ni upasuaji tu. Kijijini hatukuwa na kimoja wala kingine. Nilimweleza mwalimu hivyo wazi, tukakubaliana kwamba tumbo likijaa tena kabla ya mapambazuko tutaondoka naye kwenda anakoweza kupasuliwa, gharama iwe iwavyo. Halikujaa tena. Ufizi ulirudia rangi yake kwenye saa tisa za usiku. Nilibaki naye hadi asubuhi, na kwa siku tatu zilizofuata nilifika kusikiliza moyo wake, kwa kuwa mapigo huweza kuvurugika siku moja hadi tatu baada ya tukio kama hilo, hata mbwa akionekana amepona.

Asubuhi ile, tukinywa chai, ndipo nilipouliza maswali niliyopaswa kuyauliza miezi miwili nyuma. Simba alikuwa akila mara moja kwa siku, saa mbili usiku, sufuria nzima ya ugali wa dona na mchuzi wa dagaa. Kwa kuwa alikuwa na njaa ya siku nzima, alimeza bila kutafuna, kisha akanywa maji ya ndoo, kisha akafunguliwa, na kwa kuwa alikuwa amefungwa tangu asubuhi alitoka mbio akizunguka ua mara nyingi. Bakuli lake lilikuwa limeinuliwa juu ya matofali mawili, kwa nia njema kabisa, kwa sababu mtu fulani alimshauri mwalimu kwamba mbwa mrefu akila akiwa amesimama wima hatafura.

Hakuna chanzo kimoja cha ugonjwa huu kinachokubalika na wote. Lakini mambo yanayoongeza hatari yanajulikana, na karibu yote yalikuwa yamekutana katika ua huo: umbo la kifua kirefu na chembamba, mlo mmoja mkubwa kwa siku, kula kwa pupa, na mbwa mwenye wasiwasi. Mbwa ambaye mzazi au ndugu yake aliwahi kufura yuko hatarini zaidi, na kwa Simba habari hizo hatuna. Kuhusu bakuli la kuinuliwa, utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani uliochapishwa mwaka 2000, ambao ulifuatilia mbwa zaidi ya 1,600 wa aina kubwa, seta wa Ireland wakiwemo, ulikuta kwamba bakuli la juu linaambatana na hatari kubwa zaidi, kinyume cha ushauri uliokuwa umezoeleka. Matofali yakaondolewa siku hiyo hiyo.

Lishe ndiyo iliyotuchukua muda mrefu kuipanga, kwa sababu chakula cha mbwa cha dukani kwa mnyama wa ukubwa huu kingemaliza pensheni ya mwalimu, na mimi sioni haja ya kumfanya mtu aone kwamba bila mfuko wa chakula cha kutoka nje hawezi kufuga vyema. Tulikubaliana juu ya chakula cha siku nzima kinachopikwa mara moja na kugawanywa mara tatu: unga wa mahindi uliopepetwa na kusagwa vizuri, gramu 200, upikwe hadi uive kabisa, usipa mkavu usiotiwa chumvi kutoka Ziwa Nyasa, gramu 80 hadi 100, ambao kwa kuwa huliwa mzima na mifupa yake humpa pia chokaa, nyama ya kichwa au utumbo wa ng'ombe uliochemshwa, gramu 200, maharage machache yaliyolainika, na kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti. Vitunguu havitiwi, mifupa ya kuku iliyopikwa haitolewi, na matumbo mabichi ya machinjioni yamepigwa marufuku kwa sababu ya minyoo, hususan tegu wanaoweza kuwarudia watoto wa nyumba. Nililitilia mkazo suala la mahindi. Ipo tabia ya kuwatengea mbwa mahindi yaliyoota ukungu baada ya familia kuchambua mazuri, na sumukuvu iliyomo huua ini la mbwa kwa kiasi kidogo kuliko watu wanavyodhani.

Ndani ya bakuli, lililo chini sakafuni, huwekwa jiwe moja la mtoni, laini na kubwa kiasi cha kutomezeka, ili Simba alazimike kulizunguka kwa ulimi badala ya kubugia. Saa moja kabla ya kula na saa mbili baada ya kula hakimbii.

Mazoezi yalihitaji kubadilisha ratiba ya nyumba, wala sikuficha hilo. Seta kijana anahitaji si chini ya saa moja na nusu ya mwendo wa kweli kila siku, na aina hii hukomaa polepole. Hata akifika miaka mitatu bado ana akili ya utoto. Kijana alijitolea. Huamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, akaenda naye akiwa amefungwa kamba ya mita 10 kandokando ya mashamba ya chai na kwenye njia za misonobari kabla ya kwenda shule, na jioni hurudia kwa muda mfupi. Baridi ya Mufindi haimsumbui Simba kabisa, ni nchi inayomfaa kuliko Dar es Salaam au hata bonde la Ruaha. Linalomsumbua ni jua la mchana juu ya manyoya meusi, ndiyo maana alfajiri ni bora. Tulimfundisha kurudi kwa filimbi, kwa zawadi ya kipande cha usipa, na fimbo ikawekwa kando. Kwa ajili ya pua yake, kijana huficha kitambaa kilichokaa siku nzima kwenye tundu la kuku, na Simba hukitafuta. Mwalimu aliuliza iwapo afadhali atumiwe kuwindia kwale na kanga wa porini. Nilimjibu kwamba uwindaji bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kwamba mbwa huyu haridhishwi na kula ndege. Anaridhishwa na kumtafuta na kumpata.

Manyoya huchanwa mara tatu kwa wiki kwa chanuo la meno mapana, kuanzia nyuma ya masikio na kwapani ambako ndiko hufungamana kwanza, na yale ya katikati ya vidole hukatwa kwa mkasi. Hayanyolewi mwili mzima. Akirudi na mvua hukaushwa kwa gunia safi, na masikio hufutwa na kukaushwa. Wakati wa kuchana ndio wakati wa kutafuta kupe, na hapa yapo mambo mawili. Homa ya kupe kwa mbwa ni ya aina zaidi ya moja. Ipo inayovunja chembe nyekundu za damu na kuufanya mkojo uwe wa kahawia, na ipo inayomtoa mbwa damu puani, zote zikija na homa na kukataa chakula. Lakini Simba alikuwa ameshapata madhara ya dawa kabla ya kupata ya kupe: aliwahi kuogeshwa dawa ya josho la ng'ombe iliyobaki kwa jirani, akatetemeka na kutokwa na mate usiku kucha. Baadhi ya dawa hizo ni za kundi la oganofosfeti, sumu inayovuruga mishipa ya fahamu, na mbwa hujilamba. Sasa hutumia dawa ya mbwa yenye pareto, zao ambalo wakulima wa Mufindi wenyewe hulilima. Kwa kuwa nyumba ina paka, nilionya pia kwamba zile dawa za maabara zilizoundwa kwa kuiga pareto, ambazo mbwa huzivumilia, zinaweza kumuua paka zikiwa nzito.

Kuhusu ulinzi, jibu lilikuwepo nyumbani siku zote. Mwalimu ana jike la kienyeji, dogo, la rangi ya udongo, lisilojulikana umri, ambalo halijawahi kukosea mlio wa lango. Jike hilo limeachiwa kazi. Simba sasa analala katika stoo iliyopakana na jiko, banda la bati limekuwa la kuni, na kilio cha mchana kilikoma ndani ya wiki mbili, kwa sababu mlango wa stoo unafunguka uani, ambako watu wapo.

Kila jioni kijana hupima mzunguko wa tumbo la Simba nyuma ya ubavu wa mwisho kwa futi ya fundi cherehani, na kuandika katika daftari. Nilimwachia kazi hiyo ili mkono wake uzoee tumbo lililo salama, aweze kulitambua lisilo salama mapema. Kipimo cha kawaida ni sentimita 62. Mara moja, mwezi Oktoba, kilifika 66 baada ya Simba kuiba makapi ya pombe ya kienyeji kwa jirani. Kijana alinipigia simu papo hapo, tukamwangalia kwa saa mbili, kikashuka chenyewe.

Limebaki jambo la upasuaji. Mbwa aliyewahi kufura anaweza kufura tena, na kinachozuia tumbo lisijipinde ni kulishona kwenye ukuta wa ndani wa ubavu wa kulia, kazi inayoweza kufanywa pamoja na kumhasi. Mwalimu alikuwa na wazo la kumpandisha kwa jike la mbwa wa polisi la mtu wa Mafinga na kuuza watoto, nami nilimpinga: hatujui wazazi wa Simba, na seta wa Gordon hurithishana matatizo ya nyonga na upofu unaokuja ukubwani. Alinyamaza siku kadhaa. Kisha akanitumia ujumbe kwamba ameweka pembeni fedha za magunia matatu ya mahindi, nimtafutie mpasuaji. Safari imepangwa wiki ya pili ya Mei, mvua zikipungua. Simba ana kilo 30 na nusu sasa, na kijana ameuliza kama anaruhusiwa kuingia chumba cha upasuaji ashike taa.